Betri Zilizodanganya kwa Miaka Kumi na Tisa

Haya nimesimuliwa na mdogo wangu, fundi wa betri, Jumapili mchana tukichambua mchele.

Saa mbili asubuhi. Fundi ameinamia betri, aproni yake imetobolewa na tindikali. Mbele yake mwalimu mstaafu amenuna. Juzi alinunua betri hii ya mtumba kwa ajili ya mashine inayomsaidia mkewe kupumua. Umeme ulipokatika, mashine ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Bahati nzuri ulirudi upesi. Leo wametangaziwa utakatika saa sita mpaka jioni.

"Binti, umeniuzia boksi la maji."

Fundi anapachika mita. Volti kumi na mbili na nusu, kama siku ile. Mwalimu anamwambia mita yenyewe ni mwongo kama mwenye mita.

"Mita haikudanganya, baba. Mimi ndiye niliyeuliza nusu ya swali."

Anaunganisha taa kubwa ya gari. Taa inafifia, mita inaporomoka hadi nane.

Kupima alifundishwa na marehemu mumewe, fundi redio, na redio haili umeme mwingi. Basi miaka kumi na tisa amekuwa akipima betri ikiwa imekaa tu. Ikikaa, inaonyesha nguvu yake yote ya kusukuma umeme. Ikipewa kazi, sehemu ya nguvu hiyo inaliwa humohumo tumboni mwake, na betri iliyochakaa hula nyingi, nje ikatoka kidogo.

"Ni kama mimi na ngazi," anasema mwalimu, hasira zikipungua. "Nikiwa kitini, mzima kabisa."

Fundi anazijaribu nyingine kwa taa ileile. Tatu zinaanguka. Ya nne inagota kwenye kumi na mbili, haitikisiki. Anaibeba mwenyewe, pamoja na mita, hadi nyumbani kwa mwalimu, na bei hataki kuisikia.

Saa sita umeme unakatika. Mashine inaendelea kuvuma. Mke wa mwalimu anamtania mumewe kwamba kaleta fundi anayeikodolea betri macho zaidi kuliko anavyomtazama mgonjwa.

Fundi anasema hatoki mpaka umeme urudi. Kesho taa ile ataifunga mezani, kila mteja ajionee, na mafundi wawili wa mtaa wake atawaita awaonyeshe.

"Nilivyokosea mimi, nao wanakosea hivyohivyo. Tutaanza upya."

Saa tisa mgonjwa anapumua taratibu, amelala. Mwalimu naye, gazeti kifuani. Fundi anaitazama mita: kumi na mbili. Anaitazama tena. Kisha anaegemeza kichwa ukutani, usingizi unamchukua.