Mguu Uliokanyaga Breki

Wanaotaka kucheka wacheke sasa hivi wamalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Butiama, na sikuwa nimeonja kitu.

Vipuri vilikuwa vimeanza kuonekana tena madukani baada ya ile miaka ya kukosa hata sabuni. Nilipata Musoma pedi za breki za nyuma za gari langu kuukuu la Kifaransa, na kwa kuwa nina digrii, nikaamua kuzifunga mwenyewe. Pedi ziliingia vizuri. Lakini kwa papara nililegeza na mrija wa mafuta ya breki, upepo ukaingia, pedali ikawa inazama mpaka chini bila kushika kitu. Jioni hiyohiyo mke wangu Nyangeta akashikwa na uchungu. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Musoma haraka. Gari la karibu lilikuwa hilo tu. Shemeji yangu Magesa akakimbia kuazima petroli.

Kutoa upepo kunataka watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine awe chini anafungua na kufunga nati. Nikiwa chini, nikasikia mlango wa dereva ukifunguliwa, kiti kikalia. Nikajua Magesa karudi, nikamwambia akanyage. Akakanyaga. Ndipo nikaona pindo la kitenge likining'inia mlangoni.

Mama mkwe!

Wewe wa kwetu unaelewa. Mkwe hatazamwi usoni, wala hasemeshwi ovyo. Tangu aje kutoka Bugwema kumpokea mjukuu, akipita uani mimi nageukia ukuta. Nikainamisha macho, nikawa nagonga rimu kwa spana: mara moja anakanyaga, mara mbili anaachia. Niamini, hakukosea hata kidogo. Mwanamke ambaye hajawahi kukalia kiti cha dereva! Nilishtuka? Wapi. Nilikuwa najisifu moyoni kwa kuoa kwenye ukoo wenye akili.

Nikagonga tena. Pedali ikashuka. Papo hapo Nyangeta akalia ndani, na sauti ya mama yake ikamjibu humohumo chumbani: "Vumilia, mwanangu. Gari linatengenezwa."

Nikatazama nati niliyoishika. Mafuta yalikuwa bado yanasukumwa.

Magesa akatokea na dumu lake, akasimama. "Shemeji, unamgongea nani?"

Kitini hapakuwa na mtu. Akaingia, akakanyaga, pedali ngumu kama jiwe. "Mbona iko tayari?" Akaenda kumuuliza mama yake. Mama hakuwa ameacha kitanda cha binti yake tangu uchungu uanze.

Ungefanya nini? Nilizishuku breki zile kuliko nilivyowahi kumshuku mtu, lakini mke wangu alikuwa anaishiwa nguvu. Tukaondoka. Kila mteremko, kabla mguu wangu haujafika, pedali ilikuwa imeshashuka na gari linapunguza mwendo. Sikumwambia mtu. Tulifika, mtoto akatolewa salama, mama yake akapona.

Nimebadilisha magari tangu hapo. Pedali ya kila moja inanitangulia. Haijanidhuru hata siku moja, na hilo ndilo linalonitia shaka zaidi. Anayekusaidia miaka yote bila kuonyesha uso, anasubiri nini?

Kwa hiyo ukiwa chini ya gari na mtu akaketi kukukanyagia breki, inua macho umwone. Akiwa ni mkwe kweli, utatozwa mbuzi kwa kumtazama, yataisha.