Uzito kwa Keria

Niko sokoni Kimilili na naogopa kushuka kwa baiskeli.

Miaka ya tisini nilimbeba shangazi kutoka Kamukuywa.
Kwa kilima akashuka. Si mnajua abiria hutembea mpaka juu?
Huko juu nikasikia amekaa nyuma yangu, keria ikalia.
Tukapita kinamasi, tukapita mahindi, barabara kimya. Nikiongea, najibiwa, "Mmh."
Kufika hapa sokoni, keria tupu!
Nikarudi mbio. Shangazi alikuwa bado chini ya kilima, anatoa mawe kwa kiatu.
"Wewe, mbona umeniacha?"

Leo asubuhi nimepanda kilima hicho peke yangu.
Huko juu keria imelia.
Nikasema, "Tafadhali, shuka bana."
Nikajibiwa, "Mm-mm."

Aliye karibu aje aangalie keria.
Mimi sigeuki.