Njaa ya Saa Nne Usiku

Mtaani walidhani fundi miwani hataona njaa tena. Yeye pia alidhani hivyo. Madaktari walikuwa wamelipunguza tumbo lake kwa upasuaji likabaki kama ndizi, na miezi ya mwanzo vijiko vichache vya supu vilimshibisha. Magoti yaliyokuwa yakimkalisha chini katikati ya ngazi za karakana yalitulia. Sasa alisimama kwenye mashine ya kusaga lenzi bila kutafuta kiti. Mteja wa zamani akiuliza, "Yule mama mnene yuko wapi?" fundi alimjibu, "Kaenda zake. Kaniachia mimi duka."

Kisha njaa ikarudi, tena usiku, yeye akiwa tayari kitandani. Alipapasa hadi jikoni akachovya biskuti kwenye maziwa, moja baada ya nyingine. Nyama ilimtaka atafune mpaka taya zichoke, na akizidisha kidogo kifua kilimbana. Biskuti ziliteleza tu. Mizani iliyokuwa ikishuka ikasimama, halafu ikaanza kupanda. Hakuwa na tumbo jingine la kupunguza.

Wifi yake, dada wa mumewe aliyeishi nao, aliokota pakiti tupu.

"Wifi, panya wa nyumba hii siku hizi anafungua pakiti kwa mkasi."

"Mwache, ananyonyesha."

"Basi mwambie watoto wake wananenepa."

Walicheka, lakini wiki hiyohiyo fundi alikwenda kliniki. Mtaalamu wa lishe, mama wa sauti ya chini, alimuuliza anakula saa ngapi jioni.

"Saa kumi na mbili, peke yangu. Kisha naenda kulala, nisione chakula."

"Na mzee?"

"Yuko kiwandani anachapa magazeti. Anarudi saa nne."

Saa nne ndiyo saa ya biskuti.

Tangu waoane walikuwa wakila pamoja saa hiyo, mume akimsimulia vituko vya mitambo. Baada ya upasuaji mume aliacha. Alikula kazini, akasukutua mdomo kwenye bomba la nje ili mkewe asisikie harufu, akaingia kwa kunyata. Alifanya hivyo kwa huruma. Mkewe alilisikia lile bomba kila usiku, na mate yakamjaa. Yote hayo alimweleza mtaalamu.

"Si mazoea peke yake, dada," alisema mtaalamu. "Unakula kidogo, mapema mno, kwa hiyo sehemu ya njaa hiyo ni ya kweli. Kigawe chakula chako: nusu jioni, nusu akirudi. Yai, samaki, kitu cha kutafuna taratibu. Biskuti zitoke nyumbani. Hayo mengine kaongee na mzee mwenyewe."

Usiku huo mume alikuta taa inawaka na mkewe mezani.

"Vipi, unaumwa?"

"Kesho usile kazini."

"Nile wewe ukinitazama? Si unyama huo?"

"Unyama ni mimi kula gizani kama mwizi."

Mume alivuta kiti, akakaa.

"Mimi sijiamini," alisema. "Nikikuona unatamani, nitakupa. Unanijua."

"Nakujua. Utanipa, nami nitakataa."

"Na usipokataa?"

Kesho yake mume alirudi na njaa ya kweli. Akawekewa wali na maharage, fundi akajiwekea kipande chake cha samaki. Mume alikuwa akieleza jinsi picha ya mheshimiwa mmoja ilivyokaribia kuchapwa miguu juu, mara mkono wake ukachota wali kwa kijiko na kuuvusha meza kuelekea sahani ya mkewe, kama ulivyozoea zamani. Kijiko kikasimama hewani. Wote wawili wakakitazama. Fundi aliutaka wali ule kwa mwili mzima.

"Rudisha," alisema.

Mume akaula mwenyewe, haraka, kama mtu anayefuta kosa. Alimaliza sahani yake mkewe akiwa bado anatafuna, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akaendelea na hadithi ya picha.

Usiku wa pili kijiko kilianza safari ileile. Usiku wa tatu kilifika katikati ya meza, mume akakigeuza mwenyewe bila kuacha kuongea.