Mtu Aliyekaa Mkononi mwa Baba

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu nyumbani ilikuwa kushika mkono wa baba. Wenzangu pale mtaani kwetu Kansanga walichota maji na kubeba wadogo zao mgongoni; mimi nilikaa kwenye kigoda upande wake wa kulia, nikiukumbatia ule mkono kwa nguvu zangu zote ili usivunje vitu wala usimuumize mwenyewe. Siku nyingine ulinirusha nikaangukia mlangoni, na baba akalia kuliko mimi.

Ulianza asubuhi, kwenye chai. Baba aliinua kikombe, mkono ukakibamiza ukutani. Mama alinyamaza, maana wakati ule wa utawala wa wanajeshi wanaume wengi walirudi kazini na hasira zisizosemeka. Kisha mkono ukaenda tena, mtupu, ukazunguka kutoka begani na kujitupa mbele kama wa mtu anayefukuza mbwa. Hapo nikauona uso wa baba. Haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa unautazama mkono.

"Mama Lakot," alisema, akimwita mama kwa jina langu, "si mimi."

Hofu iliyoniingia siku ile sijui kama imewahi kutoka yote. Lakini kilichonitisha zaidi ni usingizi. Baba akisinzia mchana, mkono nao ulilala, ukatulia juu ya shuka kama mkono wa mtu yeyote. Nilikaa nikiutazama. Baba alifungua macho kwanza, akatazama dari, akashusha pumzi. Halafu vidole vikaanza kuchezacheza, kikafuata kiwiko, likafuata bega. Nilisadiki kabisa kwamba mle ndani mna mtu, na kwamba yeye huchelewa kidogo kuamka.

Hospitali haikuwa mbali, ipo kilimani Nsambya, lakini njiani palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Baba alikuwa Mwacholi, na siku hizo Uacholi peke yake ulitosha kumtia mtu matatani. Sasa fikiria Mwacholi anayemrushia askari ngumi! Mama alisema afadhali afie kitandani. Na kweli tulimwona anakwisha. Mkono haukumpa nafasi ya kula, kiwiko kilichubuka hadi nyama, mashavu yakaingia ndani.

Ndipo shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Gulu. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu mama alikuwa Msamia wa Busia, Kiacholi hakijui, na baba alikuwa amezoea Kiswahili katika udereva wake serikalini. Kiswahili cha shangazi kilikuwa cha kambi ya jeshi, alikokaa na marehemu mumewe, nacho ndicho alichotumia ili mama aelewe. Hakuomba hata maji. Aliutazama mkono mpaka mimi nikaona haya kwa niaba yake baba.

"Omera," akamwita, yaani ndugu yangu. "Hii mkono iko na mutu ndani. Ni nani?"

"Hakuna mutu."

"Wewe napita maiti wapi?"

Mtu huyo wa ndani Waacholi humwita cen, roho ya aliyekufa vibaya. Hamwandami muuaji peke yake. Humwandama hata aliyeikuta maiti porini akapita zake bila kuifunika. Ndiyo maana ukikuta mtu amelala hivyo unavunja kitawi au unachuma jani, unamwekea, kisha unaendelea na safari. Jambo hilo hata mimi nililijua, na umri wangu ule.

Baba aliuinamia mkono wake. Kisha akasema, "Jani sikuweka."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, akalazimika kupaza sauti, na mama akakimbia kufunga dirisha. Wakubwa wa ofisini kwake, alisema, walimwamuru apeleke lori kwenye kinamasi cha mafunjo kando ya ziwa, mbele ya Luzira. Hakuambiwa amebeba nini. Waliofuatana naye walipomshusha mtu aliyekwisha kufa, baba akamtambua. Alikuwa Wafula, Mkenya aliyeuza vipuri vya baiskeli pale pale Kansanga.

"Wale walikuwa naangalia mimi," baba alisema. "Nikikata hata nyasi moja, wanajua mimi namujua. Basi mimi napanda gari, naenda."

Mkono ulikuwa unajitupa muda wote, ukinigonga kifuani, nami nikauachia. Wafula alikuwa akinipa kengele za baiskeli nichezee. Sasa nilijua ni nani nimekuwa nikimkumbatia siku zote zile.

"Bibi yake anajua?" shangazi akauliza.

Hakujua. Tangu mumewe atoweke, Mama Nekesa alisimama mbele ya duka lililofungwa akimuuliza kila dereva aliyepita, na baba alikuwa akizunguka nyuma ya maduka ili wasikutane.

"Muite."

"Shangazi, akipiga ukelele majirani watauliza," mama alisema. "Wakiuliza tutachukuliwa sote, pamoja na huyu mtoto."

"Na hii mkono naua yeye. Chagua."

Mama alisimama pale akiutazama mlango. Kisha akajitanda leso, akatoka mvuani. Nampenda mama kwa mengi, lakini kwa lile nampenda zaidi.

Mama Nekesa alisikiliza yote akiwa amesimama, maji yakimchuruzika. Hakupiga ukelele. Aliuma leso, na baba alipomaliza aliuliza tu, "Upande gani wa barabara?" Baba akamwelekeza. Ndipo akapiga magoti pale nilipokuwa nimekaa, akaushika mkono kwa mikono yake miwili. Ulimtikisa mwili mzima. Akausemesha kwa Kibukusu, na mama, ambaye lugha yake inakaribiana nacho, akatutafsiria kwa mnong'ono: "Baba Nekesa, mwachie huyu. Nimejua ulipo. Nakuja."

Baba akafumba macho, usingizi ukamchukua palepale, na mkono ukalegea mikononi mwa yule mama.

Baadaye Mama Nekesa alikwenda kinamasini na shemeji yake, wakijifanya wakata mafunjo ya kusukia mikeka. Siku waliyoondoka kurudi kwao Kenya, niliwaona barabarani. Shemeji alibeba mikeka iliyofungwa pamoja, ameikumbatia kifuani, akitembea taratibu, na hakumruhusu utingo airushe juu ya basi. Hakuna aliyekuja kutuchukua.

Mkono ulirudi baba alipoamka, sitawadanganya. Lakini nguvu yake ilikuwa imevunjika. Ukapungua wiki hadi wiki, vikabaki vidole, navyo vikatulia. Baba aliishi hadi uzee na hakumtaja Wafula tena.

Juzi nilimpeleka mama kliniki ya presha, nikamsimulia daktari. Hakucheka. Akasema kilikuwa kiharusi kidogo, kilichopiga kisehemu kama punje ya choroko ndani kabisa ya ubongo, upande wa kushoto unaotawala mkono wa kulia, ambacho kazi yake ni kuuzuia mwili usijitupe ovyo. Kingepiga ubongo wa nyuma, baba angepepesuka kama mlevi. Kingeharibu penginepo, angekakamaa na kutetemeka.

"Na kwa wengi ugonjwa huo hupungua wenyewe," akaongeza. "Mngengoja tu."

Nilimwamini, na bado namwamini. Nje, tukisubiri gari, nilimweleza mama yote.

"Basi Mungu alitusaidia hatukujua," akasema.

Nami nimeligeuza neno lake kila upande, sioni kosa. Tungejua, baba angemeza vidonge, angetulia, angefunga mdomo wake kwa usalama wetu, na mimi ningekua nikimwona ni mtu mwema aliyewahi kuugua. Wafula angekuwa kinamasini hadi leo.