Kamba Yenye Mafundo Mawili

"Mlango hauna shida, mama. Ni nyumba yako imepinda."

Fundi alisema hivyo mbele yangu, bila haya, huko Kola nilikokuwa nimeenda kununua kuku. Mwenye nyumba ni nyanya ambaye mjukuu wake amelazwa mara mbili kwa malaria, ndiyo maana aliagiza mlango wa mbao wenye wavu wa kuzuia mbu. Kwa vile hana tepu, alipima kwa kamba ya katani, akafunga fundo la upana na fundo la urefu, akampa fundi.

Sasa mlango ulikuwa umesimamishwa, na chini yake kulibaki nafasi ya kupita jogoo.

"Kamba yangu iko wapi?" nyanya akauliza.

Fundi akajikuna shingo. Nyanya akaenda moja kwa moja kwa pikipiki iliyoleta mlango. Kamba ilikuwa inaning'inia kwenye keria, na mafundo yake yote mawili.

"Nilikupa vipimo, ukafungia mzigo?"

"Mama, mimi niko na uzoefu. Milango yote hutoshana."

Nyanya hakupaza sauti. Aliinyoosha kamba kwenye mlango, fundo likapita mbao kwa shubiri nzima. Akakishika kidole cha fundi, akakiweka juu ya fundo.

"Hapa ndipo mbu watapitia."

Nilirudi mjini nimekasirika hata kuku wangu akanyamaza. Mwezi uliopita wakubwa wa serikali walituita barazani, wakaandika maoni yetu yote kuhusu zahanati, na hadi leo hakuna hata moja lililofuatwa. Naomba kuwauliza, kwa adabu kidogo iliyobaki: karatasi zile mmefungia nini?