Kabati la Bibi na Diski ya Shaibu

Nikifungua kabati la vyombo la marehemu Bibi, lenye harufu ya dawa ya mende iliyochanganyika na udi wa zamani, hasira zangu za darasa la sita hunipanda upya. Msinicheke. Kabati hili lilinikosesha gemu.

Mwaka ule binamu yangu Shaibu alitoka Dar kuja kwetu Kilwa Masoko kwa siku nne tu, baada ya miaka miwili bila kuonekana. Alikuja na diski ya kuchomeka kwa waya, nyeusi, kubwa kama kipande cha sabuni, ndani yake magemu matupu. Kompyuta ilikuwa ya mama, ya kuchapia mitihani ya shule, kuukuu ajabu. Gemu la magari tulilicheza humo humo kwenye diski, na lilikwama kiasi kwamba gari likianza kukata kona unaweza kwenda kunywa maji ukarudi. Siku ya nne Shaibu akasema tulipakie kwenye kompyuta yenyewe, ili akiondoka na basi la alfajiri, mimi nibaki nalo.

Tukaanza baada ya adhuhuri. Mstari wa kijani ulitambaa mpaka roho ikaniuma. Bibi akapita na ufagio, akasema subira huvuta heri. Ulipofika asilimia tisini na mbili tukaenda kuswali alasiri. Kurudi, diski haipo, na kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Bibi, kile kidude kiko wapi?"

"Nimekiweka kabatini. Kitu cha mgeni ni amana, hakikai vumbini."

"Naomba ufunguo."

"Nao sijui nimeuweka wapi, mke mwenzangu."

Ndivyo alivyoniita, na Shaibu alikuwa mume wake, kwa utani wa mabibi wote wa kwetu. Nilipekua mito, nikainua mitungi, nikatazama hadi chini ya mbuzi ya nazi. Bibi hakunisaidia hata kidogo. Alimwita Shaibu mkekani.

"Siku nne umekuja, mume wangu, nimeona kisogo chako tu."

Shaibu, kwa kukosa la kufanya, akaketi. Walicheka mpaka magharibi, mimi nimenuna. Bibi alipoinama kupakua wali, fundo kwenye pindo la khanga yake liligonga sinia. Nikadhani ni sarafu.

Alfajiri ufunguo ulikuwa umepatikana. Diski ikaondoka na mwenyewe, nami sikumsemesha Bibi siku mbili nzima.

Shaibu hakumwona tena. Bibi alifariki kabla ya likizo nyingine. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ufunguo ulikuwa pindoni muda wote, na kwamba aliiba jioni moja tu, ya mwisho.

Jana mama alikuja kututembelea. Mwanangu alimwamkia bila kuinua macho kwenye simu. Ndiyo maana leo nimelifungua kabati hili, nijaribu kitasa chake. Bado kinafunga.