Macho ya Mke Wangu na Ratiba ya Tenisi

Namhimidi Mwenyezi Mungu, afunguaye jicho na kulifumba kwa wakati aupendao Yeye, namtakia Mtume wake rehema na amani, kisha nasimulia.

Mwaka 2015, kabla ya Ramadhani, mke wangu alipatwa na kiharusi jikoni kwetu Kasulu akipepeta maharage. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukapooza, na maneno yakamwisha. Yeye aliyekuwa akibishana na wateja kwa Kiha na Kiswahili kwa pumzi moja, sasa alitazama dari. Daktari alituambia tumlishe, tumgeuze, tumzungumzishe. Nilimzungumzisha. Nilimsomea Qur'ani. Nilipitisha kidole mbele ya macho yake kama daktari alivyofanya, nayo hayakukifuata. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama bado yumo.

Mdogo wake wa kiume ana duka la vifaa vya ujenzi, na nyuma ya duka aliweka runinga yenye dishi. Alasiri moja nilimpeleka mke wangu huko kwa kiti cha magurudumu apate kubadili hewa. Runinga ilikuwa ikionyesha tenisi, yale mashindano makubwa ya Uingereza yanayochezwa juu ya majani, na hakuna aliyeitazama. Nilipoinama kumfuta mate, niliona macho yake yanakwenda kushoto, yanarudi kulia. Mpira ukivuka wavu, nayo yanavuka. Mpira ukisimama, yanasimama.

"Shemeji," nikaita, "njoo uone."

Aliacha kupima misumari, akachutama mbele ya dada yake. Akayatazama macho yake yakienda na kurudi na mpira.

"Yumo," akasema. "Wallahi, dada yumo."

Tangu siku ile nikawa mtu wa ratiba. Kila asubuhi baada ya kuswali nilimpigia shemeji, naye akanisomea kwenye runinga nani anacheza na nani, na saa ngapi. Siku za mwanzo majina yalijaa skrini nzima, wanaume na wanawake, kuanzia mchana hadi karibu na futari. Nilimvika mke wangu khanga safi, nikamfunika sweta kwa baridi ya kiangazi, tukaenda. Barabarani mabasi ya wakimbizi kutoka Burundi yalipita na kutuachia vumbi, nami niliufunika uso wake kwa kiganja.

Vijana wa bodaboda waliokuja kuchaji simu walitucheka.

"Babu, hii hesabu ya shule gani? Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini!"

"Kaa kimya utazame," shemeji akawajibu.

"Tutazame nini? Hata kipa hakuna! Bibi, wewe unamshangilia nani?"

Macho ya mke wangu yalikwenda na kurudi, na wale vijana wakayaona. Mmoja alivua kofia.

Mimi nilikuwa sijui mchezo, lakini jambo moja nililijua upesi: anayefungwa anaondoka. Anapeana mkono na mwenzake, anabeba mkoba wake, na kesho jina lake halimo. Kila asubuhi shemeji alisoma muda mfupi zaidi. Nilianza kumwomba Mungu mechi ziwe ndefu, seti ya mwisho ikatae kwisha. Niliona haya kuomba hivyo ndani ya mwezi mtukufu, lakini niliomba.

Jumapili ya katikati ya mashindano tulifika tukakuta hakuna mechi. Ni siku yao ya mapumziko, na mimi sikuuliza. Kwenye runinga palikuwa na watu wawili tu wakizungumza mezani. Mke wangu aliwatazama kama alivyotazama dari.

"Kesho wanacheza, shemeji," mdogo wake akaniambia. "Usijali."

Siku nyingine umeme ulikatika katikati ya mchezo. Uliporudi, tulikuta matokeo tu yameandikwa; wachezaji wote wawili walikwishaondoka. Nilikaa nikiutazama mstari ule wa majina na namba, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Siku ya mwisho ratiba ya wanaume ilikuwa na mstari mmoja. Tuliwahi kufika. Mchezo ulikuwa mrefu, alhamdulillahi, na macho yake hayakuchoka. Jua lilikuwa linazama pale mmoja alipoinua mikono juu na mwingine akasogea wavuni. Watu wa kule wakapiga makofi. Kisha adhana ya magharibi ikasikika.

Shemeji aliniletea tende na maji. Sikula kwanza. Niliishika tende mbele ya uso wa mke wangu, nikaipeleka kushoto, nikairudisha kulia, polepole, kama mpira. Macho yake hayakuifuata. Yalitua usoni kwangu, yakakaa hapo.

"Anakutazama," shemeji akasema.

"Ananitazama, au ameacha kutazama?"

Akanisogezea maji. "Mwakani watacheza tena, inshallah. Tutamleta."

Nikafuturu mkono wangu mmoja ukiwa juu ya mkono wa mke wangu. Yeye alirudi kwa Mola wake kabla majani yale hayajachezewa tena, na mwaka uliofuata sikumpigia shemeji kuuliza ratiba. Kama alikuwemo jioni ile, Mungu ndiye ajuaye, nami namshukuru kwa alasiri zile alizotupa.

Wewe uliyenisoma, Mwenyezi Mungu akulindie uwapendao, na siku wasipoweza kusema, akujaalie subira ya kukaa nao.